Muhuri wa Ukurasa wa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Paa la maktaba linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya rafu ya kilimo. Nimeweka ndoo.

Nesi aliyemhudumia mume wangu aliniambia niwe naandika kila siku, hata mstari mmoja. Alisema itanisaidia kulia. Mume wangu alizikwa kabla ya mvua na hadi leo sijalia. Watu wanasema nina moyo mgumu, wengine wanasema mimi ni mvumilivu. Sina moyo mgumu wala uvumilivu. Ni ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Sihisi kitu. Basi naandika.

Mkuu wa maktaba ameniita ofisini. Mwaka huu tumepata fungu la kununulia vitabu na lote ni la rafu moja mpya, ya biashara ya masoko na uwekezaji. Wasomaji wanaulizia kila siku mambo ya hisa na fedha za kigeni. "Chagua vya kuaminika," akasema. "Wewe ndiye mwenye jicho." Nikamwambia sawa. Siku hizi kila ninachoambiwa nasema sawa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja mwanamume nadhifu, viatu vikavu ingawa nje ni tope tupu. Kaleta nakala tatu za kitabu alichoandika mwenyewe, zawadi kwa jamii, akasema. Kinafundisha kufanya biashara ya fedha za kigeni kwa simu. Kurasa zake zimejaa vichoro vya bei, vijiti virefu na vifupi vyenye utambi juu na chini, ambavyo wenyewe wanaviita mishumaa. Alipotoka tu, wenzangu wa kaunta wakambatiza Bwana Mishumaa.

Kwetu hapa kitabu kikishaingia mlangoni kinagongwa muhuri siku hiyohiyo, hata kabla hakijasomwa na mtu. Zamani zawadi zilikuwa zinapata miguu kabla ya kufika rafuni. Tunagonga ukurasa wa kwanza, na tunagonga ukurasa mwingine wa siri unaojulikana na wafanyakazi peke yao, ili mwizi akichana wa kwanza asiambulie kitu. Nikazigonga zote tatu mbele yake. Mkono wangu huwa unapinda kidogo kushoto, na mihuri ikapinda. Akaomba kuipiga picha mihuri. Nikasema sawa.

Jumapili, 9 Machi

Tunaishi kwa Mama, mama mzazi wa mume wangu: mimi, binti yangu na yeye. Chumba cha mbele ndicho karakana yake. Ana vyerehani viwili, cha miguu na cha umeme, na ameshona sare za shule tangu mume wangu akiwa tumboni. Jumapili mume wangu alikuwa anakishusha kile cha umeme mezani, anakifungua, anakitia mafuta, anakirudisha. Sasa hakuna anayekitia mafuta na kinalia. Mama anashona hivyohivyo.

Leo amekuja shemeji, mdogo wake marehemu. Ana paji la uso la kaka yake, kwa hiyo huwa namtazama kidevuni. Amejiunga na darasa la Bwana Mishumaa. Amekula chakula chetu sahani mbili huku akitueleza jinsi watu wanavyolala masikini na kuamka matajiri. Nilifikiri: huyu naye, mpenda vya bure. Binti yangu akamwuliza, "Baba mdogo, sasa mbona umekuja kwa miguu?" Mama akacheka hadi akashika mbavu. Mimi niliona kwamba ni jambo la kuchekesha.

Jumatano, 12 Machi

Mchuuzi wa vitabu ameleta sampuli, maboksi mawili. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumatano, 19 Machi

Nimesoma wiki nzima. Sijawahi kusoma vitabu vingi hivi kwa utulivu kiasi hiki, na nimeanza kuelewa kwa nini. Vimeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye moyo unamdunda. Sura ya kwanza inamtia hofu: mshahara hautoshi, uzee unakuja, watoto watakuwa mzigo kwa wengine. Sura ya pili inamtekenya: nyumba, gari, kuamka saa unayotaka. Sura ya tatu inamwambia aharakishe. Mimi sina hofu na sina hamu, kwa hiyo nabaki na karatasi mkononi na ninaiona ilivyo. Pengine Mkuu hakujua alichokisema, lakini kwa kazi hii amepata mtu.

Nimejipatia desturi. Kwanza naangalia mwandishi anakula wapi. Kama anakula kwa kuuza na kununua hisa, atasema alinunua nini, mwaka gani, na akakosea wapi. Kama anakula kwa darasa lake, ukurasa wa mwisho una namba ya simu. Kisha naenda kwenye faharasa, kule nyuma, herufi H. Natafuta neno hasara. Vitabu vinne kati ya vile vya boksi la kwanza havina faharasa kabisa. Kimoja kinayo: kinatoka hamasa, kinaruka, kinaangukia hela, kisha hisa.

Halafu kuna kitabu kimoja chembamba chenye jalada la kahawia, kibaya hata kukishika. Kimeandikwa na mhasibu mstaafu. Hasara katika faharasa yake imechukua nusu safu: hasara na ada za dalali, hasara na haraka, hasara na ndugu, hasara ya kwanza, hasara na kunyamaza. Anasema dalali hulipwa ukishinda na hulipwa ukishindwa, kwa hiyo usimwulize dalali kama ufanye biashara. Anasema usitie sokoni fedha unayoihitaji. Hana mzaha wala maneno matamu. Nilimsoma hadi mwisho, nikamwamini.

Alhamisi, 20 Machi

Mkuu amekipekua kile cha kahawia. "Yaani umenichagulia kitabu cha biashara kinachomwambia msomaji asifanye biashara?" Nikasema ndiyo. "Basi agiza nakala tano," akasema, "tuone kama kuna atakayekiazima."

Jumamosi, 29 Machi

Rafu mpya imefunguliwa. Nilikisoma na kitabu cha Bwana Mishumaa, nilikuwa nimekiacha hadi mwisho. Hakina faharasa. Hasara imetajwa mara moja, katika sentensi inayosema kwamba hasara ni woga. Nilikiweka rafu ya chini. Nakala zote tatu zimeazimwa kabla ya saa sita mchana. Cha kahawia hakuna aliyekigusa.

Jumapili, 6 Aprili

Binti ana mafua. Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Shemeji kaja na karatasi ya matangazo, ya rangi, nzuri. Juu: Kitabu cha Bwana Mishumaa. Chini yake, mkubwa kuliko sura ya mwenyewe, muhuri wetu. Umepinda kidogo kushoto. Na maneno: KIMEPITISHWA NA MAKTABA.

"Si mkono wako huu, shemeji?" akaniuliza. Alikuwa anaona fahari.

Nikasema ni wangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwonesha Mkuu ile karatasi. Amepigwa na butwaa, kisha akakasirika, kisha akaandika barua makao makuu. Nikamwuliza kama tunaweza kukiondoa kitabu kwanza. Kumbe zawadi ikishagongwa muhuri ni mali ya umma, na mali ya umma haiondolewi ila na kamati, na kamati inakaa mwisho wa mwaka. "Ungekuwa hujagonga, ningekitupa sasa hivi," akasema.

Jumapili, 13 Aprili

Mama ameniita chumba cha mbele. Alikuwa amezima cherehani, nikajua ni jambo zito, kwa sababu Mama huongea na mtu huku anashona.

Akasema anataka kuuza vyerehani. Kwanza cha umeme, baadaye cha miguu, na kibali chake cha kushona sare ampe jirani. Fedha yote aiingize kwenye kundi la uwekezaji la Bwana Mishumaa. Macho yamechoka, mgongo umechoka, na yule mtoto hana baba. Anataka akifa yeye, mjukuu abaki na kitu kinachojizalisha chenyewe, si sindano.

"Nilikuwa na wasiwasi," akasema. "Hawa vijana wa siku hizi wanaweza kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Lakini nilipouona muhuri nikamwambia shemeji yako, kama mkwe wangu amekigonga, basi. Mkwe wangu hafanyi kazi ovyo."

Alinitazama, akasubiri. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mwavuli unachuruzika sakafuni kwake. Maneno nilikuwa nayo. Muhuri hausemi chochote, Mama, na kitabu ni cha hovyo. Ni maneno machache, mtoto anaweza kuyasema. Lakini kuyasema kulihitaji kitu cha kuyasukuma kutoka ndani, na ndani hakukuwa na mtu. Niliyaona yamekaa tu kama vitabu kwenye boksi.

Nikasema, "Sawa, Mama."

Akawasha cherehani. Kinalia vibaya sasa.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Sijasema.

Jumanne, 15 Aprili

Sijasema.

Ijumaa, 18 Aprili

Ndoo ya pili, juu ya rafu ya afya. Sijasema.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nilijaribu kwa njia ya mkato. Nimempelekea Mama kile cha kahawia. Nikamwambia, "Soma na hiki kabla hujauza." Niliona kazi yangu ni kuchagua vitabu, basi acha kitabu kiseme badala yangu.

Jumapili, 27 Aprili

Mama amekimaliza. Anasoma taratibu, kidole chini ya mstari, miwani imefungwa kwa uzi wa kushonea. Akanirudishia wakati tunaosha vyombo.

"Huyu mzee wako anakatisha tamaa."

"Anasema kweli, Mama."

"Anasema nisiweke fedha ninayoihitaji. Sasa fedha nisiyoihitaji ndiyo ipi? Nioneshe nami niijue. Tangu nizaliwe sijawahi kukutana nayo." Akacheka mwenyewe. "Cha yule kijana nikikisoma nalala vizuri. Hiki nimekisoma, nimekesha namfikiria marehemu."

Kitabu kizuri kilikuwa kimeshindwa mbele yangu.

Alhamisi, 1 Mei

Shemeji alinikuta kituoni, mvua imetufungia chini ya kibanda kimoja. Nilitaka kumkasirikia, nikajaribu, hakuna kilichokuja. Tukakaa. Kisha akaongea bila kuulizwa.

"Ile siku ya dirishani, hospitali," akasema. "Walipotaja kiasi cha kulipa ndipo wamwingize chumba cha upasuaji. Nilijipapasa mifukoni, shemeji. Nilijua hakuna kitu, lakini nilijipapasa kote, hadi mfuko wa shati. Yule karani akageuka pembeni asinione."

Sikujua kwamba yeye ndiye aliyekwenda dirishani. Siku ile nilikuwa nimeushika mguu wa kitanda, sikuona nani alikwenda wapi.

"Sitaki kujipapasa tena," akasema.

Nilimtazama paji la uso kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilikuwa nimemwita mpenda vya bure katika daftari hili. Nimerudi nyuma nikasoma nilivyoandika. Sijafuta, lakini sidhani hivyo tena.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imepungua kidogo. Mama amepata mnunuzi wa cherehani cha umeme, fundi wa upande wa pili wa soko.

Jumatano, 7 Mei

Makao makuu wamejibu barua ya Mkuu. Wanatupongeza kwa kufungua rafu mpya.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika hili kwa shida, nitaeleza kwa nini.

Asubuhi mkokoteni ulikuja ukachukua cherehani cha umeme. Mama alikiandaa mwenyewe, akakifuta, akakivisha shuka kuukuu. Aliporudi kutoka kwa fundi alikuwa na bahasha kwenye mkoba. Akabadilisha nguo, akavaa za kanisani, akasema twende. Leo ilikuwa semina kubwa ya Bwana Mishumaa na mwisho wa kuandikisha wanachama wapya. Binti tulimwacha kwa jirani.

Ukumbi ulijaa. Wauguzi, walimu, vijana, wastaafu wengi. Watu wa kawaida, waliovaa vizuri. Shemeji alikuwa ametuwekea viti safu ya mbele. Bwana Mishumaa anaongea vizuri, sitasema uongo. Anafahamu jinsi ya kunyamaza kidogo kabla ya neno. Mama alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili magotini.

Kisha Bwana Mishumaa akainua kitabu, akaonesha muhuri kwenye skrini kubwa ukutani. Upana wa mlango, umepinda kushoto. Akasema, "Na mgeni wetu wa heshima leo ni yule dada aliyekipitisha kitabu hiki kwa mkono wake." Sikumwelewa hadi shemeji aliponigusa bega. Shemeji ndiye aliyemwambia kwamba nakuja. Watu wakapiga makofi. Nikapanda jukwaani kwa sababu niliambiwa nipande. Nikapewa kipaza sauti.

"Dada, waambie wenzako. Muhuri huu maana yake nini?"

Angeniuliza kama kitabu ni kizuri, pengine ningesema sawa. Lakini aliuliza swali la kazini. Swali hilo huulizwa kila siku kaunta na jibu lake liko mdomoni mwangu hata nikiwa usingizini.

Nikasema, "Maana yake ni kwamba kitabu ni mali ya maktaba, kisiibwe."

Ukumbi ukacheka. Nikaendelea, kwa sababu maelezo ya kaunta yana sehemu ya pili. "Hatugongi kwa sababu tumekisoma. Tunagonga kila kinachoingia. Hiki nilikigonga kwanza, nikakisoma baadaye. Baada ya kukisoma nilikiweka rafu ya chini."

Hapo hawakucheka sana. Lakini Bwana Mishumaa si mtu wa kushikwa hivihivi. Alichukua kipaza sauti taratibu, akaweka mkono begani kwangu. "Mmesikia? Kisiibwe! Jamani, nani anaweka kufuli kwenye kitu kisicho na thamani?" Makofi yakawa makubwa kuliko ya kwanza. Watu walisimama. Nikashuka. Kusema kweli alikuwa ameshinda, na foleni ya kujiandikisha ikaanza palepale, hadi mlangoni.

Mama peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama jinsi anavyotazama mshono uliokwenda upande. Akasimama, akapita mbele ya watu wote, akatoka. Nikamfuata. Shemeji alibaki kwenye foleni.

Nje mvua ilikuwa inaanza tena. Tukashika njia ya nyumbani.

"Kwa hiyo muhuri ni wa wezi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na kitabu ulikisoma lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu." Akasimama barabarani. "Mimi nilikuambia mwezi wa nne. Ungesema."

"Ndiyo, Mama."

"Mbona hukusema?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba tangu mazishi hakuna kitu kinachofika. Kwamba aliponiambia anauza nilisikia, nikaelewa, na haikunigusa, na kwamba hilo linanitisha kuliko kitu kingine chochote, ila hata hofu yenyewe naijua tu, siihisi. Niliongea vibaya, maneno yalijikwaa. Alinisikiliza hadi mwisho, mvua inamwagika kwenye nguo zake za kanisani.

Akasema, "Twende kwa fundi."

Fundi alikuwa ameshatia uzi na anashona. Alinung'unika sana, akasema biashara ni biashara. Mama akaweka bahasha mezani na hakuondoa mkono hadi alipokubali. Alikubali shingo upande, na mkokoteni hakutupa. Soko limefungwa, tope kila mahali, hakuna wa kutubebea. Mama akachukua kanyagio na waya, mimi nikakumbatia kichwa cha cherehani, chuma kitupu, kimevikwa lile shuka.

Sikujua kuwa kina uzito ule. Mume wangu alikuwa anakiinua kama mtu anayeinua mtoto. Nilipumzika kwenye kila kizingiti. Mama hakusema fanya haraka wala pole. Tulipofika nilikiweka sakafuni kwa sababu sikuweza kukifikisha mezani, na mikono inatetemeka hadi sasa ninapoandika. Mistari hii ndiyo ushahidi.

Jumapili, 11 Mei

Nimeamka siwezi kuinua kikombe. Binti amenisuka nywele mwenyewe, vibaya.

Shemeji alikuja mchana. Alikuja kugomba, nilimwona tangu getini. Nimemwaibisha, nimemchafulia jina mbele ya watu, na yeye tayari ameshalipa kiingilio, hakirudi. Alianza kusema akiwa bado mlangoni mwa chumba cha mbele. Kisha akaona cherehani sakafuni, na Mama amepiga magoti anajaribu kukitia mafuta pale chini kwa unyoya wa kuku.

Akainama, akakishika kwa mikono miwili, akakipandisha begani kidogo, halafu mezani. Mara moja tu. Kilipogusa meza alikisukuma kwa kiganja hadi kikaingia mahali pake, kwa mlio uleule wa kila Jumapili.

Sijui nilianza lini. Nilijikuta nimekaa kwenye marundo ya sare na ninalia kwa sauti, mdomo wazi, pua inachuruzika, mikono imelala magotini kwa sababu haikuweza kufika usoni kujifuta. Binti yangu alikimbilia nyuma ya Bibi yake.

"Unalia nini, Mama?" akaniuliza.

"Mikono," nikamwambia. "Mikono inaniuma."

Shemeji alikuwa amegeukia ukuta. Mama akaja akakaa kando yangu juu ya sare, unyoya wa mafuta bado mkononi.

"Haya, lia," akasema. "Na mimi yangu inauma."